Nyeupe Haionekani Kwenye Karatasi Nyeupe

Alhamisi, tarehe 23 Julai. Ukungu tangu alfajiri kama umemwagwa kutoka Timboroa, saa nne manyunyu, mchana mvua ya mawe iliyovunja vioo viwili vya chumba cha filamu.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile. Mwaka sikuandika. Wakati huo nilidhani mwaka ni kitu kila mtu anakijua na hakiwezi kupotea. Ninachojua ni kwamba chama kilikuwa kimoja, picha ilikuwa moja kila ukuta, na mtu akitaka kusema jambo la maana alifunga mlango kwanza. Nyinyi vijana wa maabara mliniomba niandike habari za kazi yetu ya kusoma DNA kwa mkono. Nimekubali, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na sijui kama nitaandika inavyotakiwa. Nikikosea, nirekebisheni. Lakini msinicheke kabla ya kumaliza.

Mimi naanza kuwacheka.

Nilipokuja kuwatembelea mlinionyesha mashine inayochora milima ya rangi nne, mlima wa kijani, mlima mwekundu, wa bluu na mweusi, na chini ya kila mlima herufi imeshaandikwa. Kijana mmoja mwenye miwani akaniambia, "Mama, hapa ndipo tunaposoma." Nikaitikia kwa heshima. Kusoma gani? Mashine imesoma, mashine imepaka rangi, mashine imeandika herufi. Wewe umekaa na chai unatazama milima. Ningekuwa na mbuzi ningemfundisha kazi hiyo, na asingemwaga chai.

Haya, nitende haki. Mashine yenu inamaliza kabla ya saa sita mchana kazi ambayo sisi ingetuchukua tangu kupanda mahindi mpaka kuvuna. Hilo nalikubali. Na haikohoi.

Sisi tulisoma hivi. Filamu zilitoka maabara kubwa ya Nairobi, nyeusinyeupe kama za eksirei. Kila sampuli ilikuwa na safu nne zilizosimama bega kwa bega: safu ya A, ya T, ya G na ya C. Hizo ndizo besi nne, herufi ambazo uzi wa urithi wa kila kiumbe umeandikwa kwazo. Wetu ulikuwa uzi wa kutu ya ngano, ule ugonjwa uliokuwa ukitafuna mashamba ya Uasin Gishu. Ndani ya safu kulikuwa na vistari vyeusi, kimoja hapa, kingine pale. Unaweka filamu juu ya boksi la taa, unaanza chini kabisa, kwa sababu vipande vifupi ndivyo vilivyokimbia mbali zaidi, halafu unapanda. Kistari cha kwanza kiko safu gani? G. Cha juu yake? A. Unapanda hivyohivyo mpaka macho yatoe machozi. Mmoja anaita, mwenzake anapaka rangi kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa kila herufi.

Kwa nini rangi badala ya herufi? Kwa sababu A huambatana na T, na G huambatana na C. Hiyo ni ndoa isiyo na talaka. Uzi una pande mbili, na kila upande ulikuwa na filamu yake. Tulisoma upande mmoja, tukasoma wa pili, tukageuza karatasi ya pili kichwa chini kwa sababu pande hizo huenda kinyume, halafu tukazilaza zikitazamana. Ukiweka herufi, utasoma moja moja na kusinzia. Ukiweka rangi, kosa linaruka lenyewe na kukupiga usoni.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kibet. Niliajiriwa kufagia. Siku moja mwitaji wake aliugua; mzee akanitazama mimi na ufagio wangu, akasema, "Wewe mama, unajua kuhesabu mpaka nne?" Nikasema ndiyo. "Basi kaa hapa. Wenye digrii wanahesabu mpaka elfu halafu wanapotea kwenye tatu."

Alikuwa mzee mwembamba wa koti la kijivu, mkali kama pilipili. Hakukubali mtu apake rangi akiwa na njaa. Hakukubali penseli butu. Vistari viwili vikigusana alitufundisha tusikisie: weka alama ya swali, endelea, kesho rudi na macho mapya. "Kisio ni uongo ulionyoa ndevu," alisema. Na rangi alizichagua yeye: A njano, T bluu, G nyeusi, C nyekundu. Penseli tulinunua dukani kwa babake Halima. Huyu Halima ndiye aliyekuwa msomaji wa tatu chumbani mwetu, msichana wa familia ya wafanyabiashara kutoka kaskazini, mwenye ulimi ambao babake aliutuma maabara ili usifukuze wateja. Halima alimwuliza mzee mara moja, "Na kijani je? Kuna kijani nzuri sana dukani."

"Kijani inachosha macho," alijibu mzee. Tukaamini. Kwa nini tusiamini? Njano ilitazama bluu, nyeusi ikatazama nyekundu, na kazi ilienda safi.

Sasa aingie Bwana Afisa Utawala. Jina lake naliacha, ana wajukuu. Alikuwa na beji ya chama kwenye koti, beji kubwa, naye alitembea akitanguliza upande ule wenye beji. Sitaki kumwonea. Ndiye aliyetuletea hita za umeme chumba kilipokuwa baridi kama kaburi, na mtoto wa mlinzi alipougua ghafla alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, bila kumtangazia mtu. Mambo hayo mawili ni kweli. Mengine yote aliyofanya yalikuwa upuuzi.

Tukasikia kwamba mgeni mkubwa wa serikali atatembelea kituo. Jumatatu iliyofuata Bwana Afisa alituita mkutano akasimama mbele ya chati yetu ya ukutani, pale tulipobandika karatasi zilizomalizika.

"Hizi rangi," akasema, "zinawakilisha nini?"

Daktari Nekesa, mkuu wa utafiti, alieleza. Alikuwa bado kijana, amerudi majuzi kutoka masomoni, na alieleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

"Sikuuliza besi. Nauliza, njano ni rangi ya nani? Bluu ni ya nani? Mgeni akituuliza kwa nini kituo cha serikali kimepaka ukuta rangi za watu wasiojulikana, nitajibu nini?"

Hakuna aliyecheka. Leo mngecheka. Wakati ule mtu aliweza kupoteza kazi kwa sababu ya kofia.

"Bendera yetu ina rangi ngapi?" akauliza. "Nne! Nyeusi, nyekundu, kijani, nyeupe. Na besi ni ngapi?" Akangoja. "Nne! Mungu mwenyewe alipanga." Akatufundisha maana ya kila rangi kama watoto wa chekechea: nyeusi ni wananchi, nyekundu damu ya wapiganaji, kijani ardhi yetu, nyeupe amani. Akagawa: A kijani, T nyekundu, G nyeusi, C nyeupe. Akapiga makofi peke yake, halafu sisi sote.

Karatasi, watoto wangu, ilikuwa nyeupe.

Penseli nyeupe kwenye karatasi nyeupe ni nini? Ni mkono unaotembea bure. Halima alipaka ukurasa mzima wa C akaniambia, "Mama Jerono, tazama, nimechora barafu ya Mlima Kenya." Kuanzia siku hiyo mraba mtupu ulikuwa C, au ulikuwa mraba ambao mtu ameusahau, na hakuna aliyeweza kujua ni upi. Kazi ya wiki nzima ikawa kama meno ya mtoto wa miaka saba. Tungeweza kuandika herufi kwa siri, na Halima alijaribu, lakini Bwana Afisa alipita kila jioni akikagua kama mwalimu wa usafi, akakuta herufi akazifuta kwa mkono wake. Alisema zinachafua.

Lakini hayo hayakuwa mabaya zaidi. Ubaya ulikuwa kwa Mzee Kibet.

Alianza kukosea. Yeye! Karatasi zake zikilazwa zinatazamana unaona nyekundu inatazama nyekundu, kijani inatazama kijani, mstari baada ya mstari. Tukampa arudie, akarudia, akakosea mahali pengine. Penseli mpya zilikuwa za rangi tupu bila jina ubavuni, na mimi niliona kwamba akikaa anaiweka moja kushoto na nyingine kulia, na anakwenda sawa mpaka zibingirike. Zikibingirika, basi. Alikuwa anakasirika, anatupa penseli, anasema taa ni mbovu. Nilidhani ni uzee. Nilidhani pia labda ni busaa, Mungu anisamehe, ingawa hakuwa mnywaji.

Bwana Afisa hakudhani, yeye alijua. "Huyu anafanya makusudi," alimwambia Daktari mbele yetu. "Wengine wote wanaweza, yeye hawezi? Nyekundu dhidi ya nyekundu! Anatuma ujumbe gani?" Akampa mzee taarifa: Alhamisi saa tisa afike ofisini ajieleze. Kila mtu alijua maana yake. Mzee alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Akifukuzwa kwa kosa la namna hiyo hakuna pensheni, na jina linafuatana nawe mpaka kwa chifu, mpaka kwa watoto wako wanaotafuta kazi.

Siku moja kabla, Daktari Nekesa aliingia chumbani, akafunga mlango, akamwaga penseli zote mezani mbele ya Mzee Kibet.

"Mzee, naomba unitengenezee mafungu. Kila rangi fungu lake."

"Mimi si mtoto, Daktari."

"Najua. Nisaidie tu."

Akapanga haraka, mikono yake ikiwa na uhakika wote wa fundi. Nyeupe huku. Nyeusi huku. Na fungu kubwa la tatu, nyekundu na kijani pamoja, zimelala kama ndugu. Akainua uso. "Tayari."

Halima aliweka mkono mdomoni, jambo lisilokuwa la kawaida kwake.

"Mzee," Daktari akasema polepole, "mafungu ni matatu."

"Ndiyo."

"Rangi ni nne."

Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Mnanichezea?"

Hatukuwa tunamchezea, na aliona hivyo kwenye nyuso zetu. Daktari akamweleza kwamba kuna wanaume wengi, weusi na weupe, wasomi na wasiosoma, ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Wamezaliwa hivyo, si ugonjwa. Filamu ni nyeusinyeupe kwa hiyo haikumsumbua kamwe. Njano na bluu hazikumsumbua. Na kijani alikuwa ameikataa tangu mwanzo bila yeye mwenyewe kujua kwa nini.

Mzee akazitazama penseli tena. Halafu akasema, kama anauambia ukuta, "Kumbe ndiyo maana mke wangu hanitumi nyanya sokoni."

Nilifurahi. Nilisema, sasa yameisha, Daktari ataeleza kesho. Daktari akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba elimu inaweza kukuonyesha shimo bila kukupa ngazi. "Nikimwambia Afisa kwamba mzee hatofautishi rangi," akasema, "atamstaafisha kesho hiyohiyo kwa kutofaa kazi. Na nikimwambia kwamba rangi ndizo hazifai, nitakuwa nimesema bendera haifai. Kesho kutwa mimi nitakuwa nafuga kuku Bungoma."

"Kwa hiyo ni msaliti au ni kipofu," Halima akasema. "Achague."

"Mimi si kipofu!" Mzee akafoka.

"Mzee wangu, najua. Nasema atakavyosema yule Afisa."

Alhamisi saa tisa tulikuwa ofisini sote: Bwana Afisa nyuma ya meza, Daktari pembeni, Mzee Kibet amesimama, mimi na Halima tumeitwa kama mashahidi wa karatasi. Mawe ya mvua yalikuwa yanapiga mabati hata ikabidi kupaza sauti. Bwana Afisa alitandaza karatasi za mzee.

"Eleza hii. Nyekundu inatazama nyekundu. Unadharau nani?"

"Sidharau mtu," mzee akasema. "Ni makosa."

"Miaka yote hukukosea! Tumeleta rangi za taifa ndipo unakosea?"

Daktari akafungua mdomo. Nilimwona akiufunga tena. Nami nilikuwa nimeufunga wangu tangu mlangoni, simlaumu.

"Bwana Afisa," Halima akasema, "samahani. Nina swali dogo la kazi."

"Hujaulizwa wewe."

"Ndiyo maana nauliza. Mgeni akija, akasimama kwenye chati yenye karatasi kama hizi, na akaniuliza nyeusi iko wapi, namwonyesha. Sivyo?"

"Bila shaka."

"Nyekundu, namwonyesha. Kijani, namwonyesha. Akiniuliza nyeupe?"

"Hiyo hapo." Akagusa mraba mtupu.

"Wapi?"

"Hapo! Hapo penye nafasi."

"Kwa hiyo niseme, Mheshimiwa, amani yetu ni hiyo nafasi tupu?"

Sijui kama mmewahi kuona mtu akisikia maneno yake mwenyewe yakirudi yamevaa sare ya polisi. Bwana Afisa alibaki na kidole kwenye karatasi. Mvua nayo ikachagua wakati huo kupungua.

"Nani amesema tupu?"

"Si mimi," Halima akasema kwa unyenyekevu ambao ningeulipia kiingilio. "Mimi nauliza tu. Ulitufundisha mwenyewe kwenye mkutano kwamba nyeupe ni amani. Sasa nimetazama ukuta mzima, sioni amani hata moja. Naona mashimo. Nikasema labda ni macho yangu."

Bwana Afisa akatoa leso. Akajifuta shingo, na huko nje ilikuwa baridi ya kuua ndama. "Chati hizi," akasema, "ziliidhinishwa na nani?"

Daktari alitazama dirishani kama mtu anayesubiri gari. Mwishowe Mzee Kibet, ambaye hakujua kusema uongo wala kunyamaza, akasema, "Na wewe, Bwana Afisa. Tulipiga makofi."

Basi. Sijawahi kuona mkutano wa nidhamu ukifungwa haraka vile. Bwana Afisa alisimama akasema kwamba rangi za taifa ni za heshima, hazifai kushikwashikwa na wafanyakazi wa penseli, na kwamba alikuwa na shaka hiyo tangu mwanzo. Chati zishuke kabla ya jioni. Turudie rangi za zamani mara moja.

"Na mimi?" mzee akauliza.

"Wewe nini?"

"Nimefutwa?"

"Nani amekufuta? Unadhani hizi karatasi zote zitarudiwa na nani, mimi? Kesho saa mbili uwe kwenye kiti!"

Tulishusha chati. Hapo tena upuuzi mwingine: mfagiaji aliyechukua ufagio wangu aliambiwa azichome, akakataa kata kata. "Nichome rangi za bendera? Mimi nina watoto." Kuzichana, nani azichane? Zikafungiwa stoo, na kwa ninavyowajua watu wa stoo, bado ziko huko zinalindwa.

Wengine watasema Halima alikuwa jasiri. Nilimwuliza baadaye, akasema, "Jasiri gani, Mama Jerono? Hata mimi niliogopa. Nilimwogopesha kwa sababu nilijua anaogopa kuliko mimi." Na kwa haki lazima niseme kwamba Bwana Afisa naye alikuwa na mtu wa juu yake wa kumwogopa, na yule naye na wake, mpaka juu kabisa. Nimemfikiria hivyo usiku mwingine na hasira imepungua. Asubuhi inarudi.

Sasa nyinyi. Niliona milima yenu, A kijani, T nyekundu. Nikajiuliza ni afisa gani aliyewaamuru. Mkaniambia ndivyo mashine zilivyotengenezwa ng'ambo. Kumbe upumbavu hauhitaji chama, unaweza kujitegemea. Mnazo herufi chini, sawa, hilo linawaokoa. Lakini nilipouliza katika chumba kile chenye wanaume wengi kama mlikuwa mmewahi kuangalia nani haoni tofauti, mlitazamana. Ulizaneni. Toeni kopi nyeusinyeupe ya chati yenu, muone kama bado inasomeka. Na mtu mzuri akianza ghafla kufanya kazi vibaya, kabla ya kumwita mlevi, kagueni mlichobadilisha nyinyi.

Jioni ile Mzee Kibet alitembea nami mpaka kwangu Kiplombe kwa sababu barabara yake ilikuwa matope matupu. Mume wangu, ambaye hakujua lolote, alimkaribisha akamvutia kiti karibu na moto.

"Mzee, habari ya kazi?"

Akavua viatu vilivyolowa, akanyoosha miguu.

"Kazi iko," akasema. "Kesho naingia saa mbili."

Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya managu iliyochemshwa kwa maziwa, na mgeni akapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kibuyu cha mwisho. Aliongeza ugali mara mbili.